Bi Mize, Chale Zako Zimetoka kwenye Picha

Bibi, mke wangu,

Yasini nimekusomea Ijumaa pale kaburini, mpaka mwisho, bila ya kuruka, hata Baba akageuka kunitazama. Haya mengine nilishindwa kuyasema mbele za watu, ndiyo nimekaa nayaandika. Usicheke mwandiko wangu. Kidato cha pili ndipo nilipokomea, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa akisema herufi zangu zinakwenda kama kaa waliomwagwa sakafuni. Lakini weye hukusoma hata darasa moja, kwa hivyo baina yetu wawili msomi ni mie, na utavumilia.

Faki wako ni mkubwa sasa. Nimeota ndevu. Chache, lakini zimo. Si kibarua tena wa kubeba ndoo za maji. Nashika mwiko mwenyewe, napiga plasta, na fundi wangu husema ukuta wangu mtu akiuegemea hataki kuondoka. Hakusema hivyo hasa. Alisema haukupinda sana. Hayo mengine nimeyamalizia mwenyewe.

Na nna habari ambayo kijiji chetu kizima cha Kengeja hakuna mwengine aliye nayo. Kichwa changu kimepigwa picha. Si picha ya simu, hizo ninazo mpaka simu imekataa kupokea nyengine. Picha ya ndani, Bibi. Ubongo wenyewe. Nimeuona kwa macho yangu, na wale waliokuwa wakisema sina, nimewaletea ushahidi.

Ningependa nianze na hiyo mashine, maana hapo ndipo nilipokuwa mwanamume. Lakini kuna jambo limenikaa kooni mwaka huu mzima, na nikilipita sasa sitalirudia.

Unakumbuka msimu ule karafuu zilipozaa mpaka majamvi yakatushinda, tukawa tunaazima kwa jirani? Kila baada ya sala ya alasiri ua umejaa watu wanachambua, karafuu huku, vijiti vya makonyo huku, na harufu imesimama hewani mtu unaweza kuigusa. Weye ulikuwa ndani. Dirisha umelifunga, kanga umeikaza kichwani mpaka nyusi zimepanda, na beseni liko chini ya kitanda kwa ajili ya matapishi. Kipandauso kimekushika tangu asubuhi. Ukatoka mara moja tu kwenda chooni, unapapasa ukuta, mkono umekinga macho. Nami, nilikuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa watu wazima watatu, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Kichwa cha Bi Mize kina kalenda. Karafuu zikifika jamvini tu, nacho kinauma. Zikishauzwa kinapona."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga pishi yake. Baba alicheka. Nawe ukacheka, Bibi. Umekishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtungi uliopasuka, na ukacheka, ukasema, "Mume wangu huyu, nitampa talaka." Ukarudi ndani.

Tangu siku ile ikawa kila ukiugua watu husema, kalenda ya Bi Mize hiyo. Mie niliona fahari. Nilikuwa nimetunga neno likashika mji mzima. Weye hukunambia kitu. Ulinipikia, ulinitania, ulinificha nilipovunja kioo cha Baba. Na mpaka unakufa sikukwambia samahani, kwa sababu sikujua kuna kosa.

Nimejua mwaka huu.

Tulikuwa tunajenga kule upande wa mji wa Mkoani, nyumba ya ghorofa, ukuta umepigwa chokaa mpya, jua la saa saba linapiga juu yake na kurudi usoni. Nikaona kitu kwenye jicho. Kidogo, kama unywele unaong'aa. Nikapangusa, hakikutoka. Kikakua. Kikawa kama msumeno wa moto, meno yake yanacheza, unazunguka pole pole, na katikati hakuna kitu, ukuta umepotea. Nikafumba macho, na bado nauona.

Hapo nikakukumbuka. Ulikuwa ukiniita, "Mume wangu, hebu nitazame jicho langu lina nini, mbona naona msumeno wa moto unazunguka?" Na mie nikikufunua kope, natazama kwa makini kama daktari, halafu nakwambia, "Jicho zima. Naona pengo la meno tu."

Bibi, ulikuwa unaona kweli.

Baada ya msumeno kikaja kichwa chenyewe. Sitakueleza, maana weye ndiye mwenyewe. Nitasema tu kwamba nilishuka ile ngazi kwa makalio, kama mtoto, mbele ya vibarua niliokuwa nikiwatukana kwa uoga wao, na nikalala chini ya gari mpaka magharibi nikitapika. Fundi wangu akasema, "Huyu hakunywa chai." Mwengine akasema, "Anakwepa zege." Nikasikia kila neno. Sikuweza kufungua mdomo nikajibu, mie, Faki.

Ikanijia mara ya pili, ya tatu. Na kama haikutosha, ikamwingia Raya. Huyu mdogo wangu ulimwacha anacheza na makopo, sasa yuko kidato cha kwanza, mrefu, anaandika vizuri kuliko mie na hanifichi. Mara anarudi skuli katikati ya mchana amefunga mtandio machoni, anaongozwa na mwenzake. Anaingia chumbani kwako, analala kwenye kitanda chako. Wiki moja siku mbili, wiki nyengine tatu. Mwalimu akaleta maneno. Baba naye, unamjua mwanao, akamaliza shauri peke yake juu ya msala wake baada ya adhuhuri. Akasema atamwita Fundi Makame, yule mganga, amchanje chale, na kama hazikusaidia basi Raya aache skuli mwisho wa mwaka. "Kichwa kisichoweza kitabu kitaweza jiko," ndivyo alivyosema.

Raya hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwangu, na huo ndio mzigo wenyewe, maana akilia mbele yangu nakuwa mjinga.

Siku hizo nilikuwa nimekwenda hospitali Mkoani kwa kichwa changu, nikamkuta daktari mgeni, mwanamke wa Kiunguja anayefanya kazi Dar. Dokta Sabra. Anazunguka kutafuta watu wenye kipandauso, hasa ambao kimo kwenye ukoo. Akaniuliza, "Nani mwengine nyumbani kwenu?" Nikamwambia, bibi yangu marehemu na mdogo wangu. Akaandika. Akanieleza kuwa wanavipiga picha vichwa vyenye kipandauso na vichwa visivyokuwa nacho, kwa mashine ya sumaku, kisha wanavilinganisha wajue ndani kunatokea nini. Kama nipo tayari nitapelekwa Dar, nipigwe picha, nirudishwe.

Nikasema niko tayari kabla hajamaliza. Nikarudi nyumbani nikamwambia Raya, "Usiogope. Nakwenda kuleta picha ya ugonjwa wetu. Baba akiuona kwa macho yake atanyamaza." Akanambia, "Kweli kaka?" Nikamwambia, "Mie nilishawahi kukudanganya?" Swali hilo sikulifikiria vizuri, lakini alikuwa na hamu ya kuamini, akaliacha lipite. Kwa Baba nikaomba kitu kimoja tu, Fundi Makame asiitwe mpaka nirudi. Akakubali, nadhani kwa ajili ya kupumzika na kelele zangu.

Na barazani nilijisifu, Bibi, sitakuficha. Nikawaambia kichwa changu kimetakwa Dar. Nikasema wakubwa wamekaa wakatafuta visiwa vyote viwili, wakaona bila ya kichwa cha Faki elimu haiendi mbele.

Sasa mashine. Ni nyeupe, kubwa, ina tundu la duara katikati kama tanuri la mikate, na mkate ni weye. Kabla ya kuingia kuna kijana wa kuiendesha, ana karatasi ya maswali. Una chuma mwilini? Umewahi kufanyiwa operesheni? Una kitu moyoni cha kuusaidia kupiga? Una meno ya bandia? Umewahi kupigwa risasi? Nikamwambia, "Kaka, mwili huu haujafunguliwa tangu kiwandani." Hirizi nimeivua, saa nimeivua, mkanda nimeuvua nikashika suruali kwa mkono. Akanivalisha shuka la kijani. Akanilaza. Kisha akanifunika uso kwa kitu cha plastiki chenye matundu, Bibi, wallahi ni dema. Dema la kutegea samaki hasa. Na samaki ni mie, natazama nje kwa macho mawili kama changu aliyenaswa. Akanipa mpira mkononi, akasema ukiona lolote, joto, kizunguzungu, chochote, uubinye.

Ikaanza kugonga. Usiulize. Ni kama watu kumi wanavunja zege na kila mmoja hampendi mwenziwe. Halafu wakanionyesha miraba, myeusi na myeupe, inapepesa, inabadilishana. Kazi yangu kutazama tu. Daktari alishanieleza kuwa hapo ndipo wanapoangalia damu inakimbilia wapi ubongoni, na kama ubongo unauzoea ule mwanga au hauuzoei.

Hapo katikati nikahisi kitu kwenye panda la uso upande wa kulia. Joto kidogo. Na mvuto, kama mtu ameushika unywele wangu mmoja na anauvuta taratibu. Mpira ninao mkononi. Sikuubinya. Moja, nilishasema mbele ya yule kijana kwamba mie siogopi kitu, na nilidhani sauti yangu inarekodiwa. La pili nitakwambia weye tu. Nilidhani ni weye. Nikasema moyoni, Bi Mize amekuja. Nikatulia kabisa.

Baadaye Dokta Sabra akaniita chumbani kwake. Picha ziko kwenye kompyuta. Akazipitisha moja moja, na mie naona kichwa kinakatwa vipande kama boga, na kila kipande kizuri, kina mikunjo yake. Halafu akasimama. Upande wa kulia kuna doa jeusi. Jeusi tii, kubwa kama ndimu, na jicho la pembeni yake limevutika kama utando wa uji. Akairudisha nyuma, akaipitisha tena. Akamwita yule kijana. Wakakisogelea kioo wote wawili.

Bibi, hapo ujanja wote ulinimwagika. Nikajua ndilo. Hili ndilo alilokuwa nalo Bi Mize, ndilo analo Raya, na mie nimekwenda kuwachekesha watu nalo. Najua weye moyo ndio uliokuchukua, daktari alisema, lakini pale nilisahau. Nikamuuliza Dokta Sabra, "Nna muda gani?"

Akanitazama. Akainuka, akaja na kidole chake mpaka hapa pandani, akapapasa. "Hizi nini?" Nikasema, "Hizo chale tu." Akasema, "Chale tu? Zilitiwa nini?"

Ikanirudia yote. Nna miaka saba. Nimetapika chuo cha Qurani mara tatu mwezi mmoja, tumbo linauma, natafuta kivuli. Ukanichukua mkono mpaka kwa Fundi Makame. Ukakaa chini, ukanibana kichwa baina ya magoti yako, na nguo yako inanukia udi. Kiwembe kikapita mara tatu. Halafu ile dawa nyeusi, akaikandamiza kwa dole gumba, na weye ukamwambia, "Usinifanyie uchoyo Makame, tia na ile ya mhunzi." Unga wa chuma. Mhunzi alikuwa akiukusanya chini ya tupa lake, na weye uliufuata mwenyewe kwa miguu umefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilipolia ukanipulizia panda la uso, ukanambia, "Nimekufungia mlango, mume wangu. Kwangu kimeingia, kwako hakitoingia."

Nikamweleza Dokta Sabra. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika mdomo. Alijitahidi, Bibi, ni mtu wa heshima, lakini mabega yalimcheza. Akasema ile sumaku hata vumbi la chuma inaliona. Chembe zilizomo ndani ya ngozi ndizo zilizochafua picha. Doa halimo ubongoni hata kidogo. Halafu akanikaripia kwa sababu ya ule mpira, na akanikaripia kwa haki, maana chuma kile kingeweza kupata moto nikaungua.

Lakini akasema upande ule hausomeki. Hawawezi kunihesabu pamoja na wengine. Kichwa kilichotakwa na elimu ya dunia kimekataliwa kwa unga wa mhunzi wa Kengeja.

Sikujali. Nilikuwa nalitazama doa tu. Nimekaa kwenye kiti cha hospitali ya Dar, miaka yote ile imepita, umeshazikwa, na pale kwenye kioo umo. Mkono wako umo. Mlango haukufungika, Bibi, nakwambia kweli, kimeingia. Lakini nimeona ulivyousukuma.

Dokta Sabra akachukua kalamu, akavuta ile karatasi ya maswali, na chini yake akaandika kwa mkono: Je, umewahi kuchanjwa chale zenye dawa, na wapi? Akamwambia yule kijana, kuanzia leo kila mtu aulizwe. Basi ujue hilo. Watakaoingia mle wataulizwa swali lililotoka kwako, weye usiyejua kushika kalamu.

Nikamwomba picha moja niondoke nayo. Akanipa, akanipa na maneno. Akasema, "Faki, hata kama usingekuwa na chale, usitegemee picha hii imwonyeshe baba yako maumivu. Ukiipiga picha redio, utajua inaimba au imezimwa?" Nikasema sitajua. Akasema vichwa vingi vya kipandauso, ukivitazama hivi kimoja kimoja, ni vizima. Ndiyo maana wanakusanya vingi, na ndiyo maana wanapepesa ule mwanga, kutafuta kwa nini ubongo wa wengine huuzoea mwanga na harufu ukatulia, na wa wengine hauvizoei, unavipokea kila mara kama vigeni. Nikamuuliza, "Na harufu ya karafuu?" Akasema harufu nzito yoyote, jua kali, njaa, kukosa usingizi. "Hiyo haikuwa kalenda," akasema, kwa kuwa nilishamhadithia na hilo, sijui kwa nini nilimhadithia. "Huo ni ugonjwa. Bibi yako alikuwa mgonjwa."

Akaandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu Raya, apelekwe kliniki Mkoani, aachiwe kulala penye giza, dawa anywe mapema kabla kichwa hakijapanda. Na chale asichanjwe.

Nikarudi nayo. Kwenye boti nilikuwa nimekwishajua kwamba nimetumwa ushahidi na naleta picha ya kichwa kizima chenye doa la chuma.

Niliingia nyumbani alasiri, na ni msimu, watu wako uani wanachambua. Raya alikuwapo siku hiyo, mzima, anachambua upande wa upepo ambako harufu haimfikii sana. Akanitazama mikononi. Baba akasema, "Haya, lete huo ugonjwa tuuone." Nikampa. Akaiinua kwenye jua, akafunga jicho moja. Nikamweleza doa, sikumdanganya, nikasema ni zile chale. Akasema, "Na huku pengine?" Nikasema pengine ni pazima. Akaniuliza tena polepole ili watu wasikie, "Dokta kasema pazima?" Nikasema ndiyo.

Akacheka. "Basi nawe una kalenda."

Na uani wakacheka. Walewale, Bibi, au watoto wao. Nikaona Raya ameinamisha kichwa juu ya karafuu zake, na mdomo wake, alikuwa anacheka nao. Kidogo, vile vile ulivyocheka weye. Hapo nikaelewa kile kicheko ni cha nini. Ni cha mtu ambaye hana pa kwenda.

Mie, unanijua, jibu halinikosi. Yalikuja mawili matatu makali, ya kumkalisha Baba chini. Niliyameza. Nikasema, "Neno la kalenda nililitunga mie. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Bi Mize alikuwa anaumwa, na nikamchekesha mbele yenu, naye akafa tunamcheka. Msumeno wa moto aliokuwa akiuona, mie nauona. Raya anauona. Hatukuupanga. Picha haiwezi kuonyesha, Dokta kasema, lakini mie nimo humu ndani ya kichwa hiki na nakwambieni upo." Nikaingia ndani nikakaa juu ya kitanda chako kama bibi harusi.

Baba hakunifuata. Asubuhi nilipotoka kunawa nilimkuta jikoni, mahali ambapo hakai, ameshika sufuria ya zamani, ile yenye mkono mmoja. Hakunitazama. Akasema, "Nilipokuwa mdogo akilala na kichwa, nilikuwa nikiigonga hii. Makusudi. Ili ainuke anipikie." Akaigeuza mkononi. "Alikuwa akiinuka."

Nikamwambia, "Baba, nipe niioshe." Akanipa.

Mchana akavaa kanzu, akaitia barua ya Dokta mfukoni, akenda skuli mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Alichokisema huko hakukieleza, lakini Raya amepewa ruhusa ya kulala chumba cha stoo kikimshika, na mitihani aliyoikosa atarudishiwa. Fundi Makame amepelekewa salamu kwamba asije. Baba hajawa malaika; amesema kombe Raya atalinywa, maandishi ya Qurani hayana chuma, na Alhamisi kliniki Mkoani atampeleka yeye si mie. Nimekubali yote mawili. Raya naye amekubali, kwa sharti kwamba mie nisimfuate nikaanza kujisifu kwa madaktari.

Fundi mwengine wa ujenzi alinambia kuna njia ya kuitoa ngozi ile, kipande kidogo tu, nikapigwe picha tena nihesabiwe. Nimekataa. Wana vichwa vingine.

Bibi, samahani. Nimeiandika, sasa naiona, ni neno fupi kuliko nilivyodhani. Samahani kwa kalenda, kwa pengo la meno, kwa kila siku niliyopiga kelele chini ya dirisha lako. Mola akupe huko pahali penye kivuli, pasipo mwanga wa kuumiza wala harufu ya kukufukuza, na akunywishe kitu cha baridi. Nami nakuahidi, na hii si ile ahadi yangu ya barazani: Raya akisema kichwa, nitamwamini kabla sijamuuliza kitu, na wanangu nikijaliwa, na yeyote atakayelala kwenye kitanda hiki.

Leo Raya amelala. Kimemshika tangu saa nne. Nimelifunga dirisha la upande wa jua na kuliziba kwa kanga yako ya kahawia, na Baba ameyahamisha majamvi yote, peke yake, mpaka nyuma ya nyumba ya jirani. Nimekaa mlangoni naandika juu ya goti. Sasa hivi Raya ameniita, kwa sauti ndogo, anataka maji. Naenda kumpa.

Mjukuu wako,
Faki